Mateka wa Mtani

Tarehe tisa Aprili, Jumanne. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ile mvua ya masika isiyo na radi wala haraka, na hadi saa nne mlima wa Uluguru haukuonekana kabisa. Hapa Bigwa dunia yetu iliishia kwenye migomba ya jirani. Nilikuwa naweka ndoo chini ya bati linalovuja ndipo Zuhura aliponipigia simu kutoka mjini anakofanya kazi. "Mama," akasema, "Dada Nyamizi amefariki. Wamemzika jana huko Tabora." Tukawa tunasikilizana mvua, ya kwake na ya kwangu. Kisha akasema atakuja mchana.

Nimekaa mezani kuandika kwa sababu sikuweza kwenda kuzika, na mikono inataka kazi. Mimi niliishia darasa la saba, na mara nyingi nikisoma nilichoandika jana naona mtu mwingine kaandika, tena mwongo kidogo. Lakini kuhusu mwaka ule Nyamizi alipokaa kwangu nitajitahidi kumpa kila mtu haki yake, hata yule ambaye wengi hawampi. Habari za wazazi wangu na za marehemu mume wangu naziacha, hazihusiki. Nilikuwa mjane wa makamo, napika vitumbua asubuhi, nina nyumba ya vyumba vitatu, na chumba cha mbele kilikuwa tupu.

Ulikuwa mwaka ambao kiwanda cha nguo kilianza kupunguza watu. Sokoni mitumba ilikuwa imerundikwa juu ya maturubai kama vichuguu, kila mtu anachagua, na wale waliokuwa wakisokota pamba walikuwa hapohapo wanachagua mashati ya Wazungu waliokufa, maana ndivyo tulivyoamini. Kila kitu kilikuwa ruksa. Wanaume waliozoea kuamka kwa king'ora cha kiwanda walikuwa wanaamka kwa king'ora kisicholia, wanakaa vilabuni tangu asubuhi. Katika mwaka huo ndipo Nyamizi alipokuja na begi lake kuomba chumba. Alikuwa Mnyamwezi mnene wa sauti nzito, afisa ustawi wa jamii wa siku nyingi, na Serikali ilimleta kusomea stashahada ya uzamili, mafunzo ya juu kwa maafisa wanaosaidia watoto na familia zilizoharibikiwa. Nilimuuliza mtu mzima kama yeye, aliyekwisha kuifanya kazi hiyo, bado anasomea nini. Akaniambia, "Nasomea kunyamaza, Bi Hawa. Kusema nilikwisha jua."

Kwanza nilidhani ni mzaha, maana kati ya Waluguru na Wanyamwezi kuna utani, na hatukuwahi kunywa chai bila kutukanana. Yeye aliniita mguu mfupi, mtu wa mlimani anayeshuka mjini kwa kuviringika. Mimi nilimwita mpagazi, nikamuuliza mizigo ya Waarabu ameiacha wapi. Asiyejua atashangaa, lakini kwetu mtani hakasirikiwi. Akija msibani kwako anaweza kulala mlangoni jeneza lisipite, anaweza kukuchukulia mkeka, kuku, hata kofia ya kichwani, akasema ni mateka wake mpaka uikomboe, na wewe unacheka huku unalia. Ukikasirika umejivunjia heshima, si yeye. Haya nayaeleza mapema kwa sababu yote yaliyotokea yalipita kwenye mlango huo.

Basi kumbe kuhusu kunyamaza alisema kweli. Kila Ijumaa mchana mkufunzi wake, Mwalimu Koku, mama mwembamba wa Bukoba mwenye miwani ya kamba, alikuja kukaa ukumbini kwangu na kumhoji. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga, na ukuta wangu ni wa udongo, kila neno linapita. Alikuwa anamuuliza, "Ulipomwambia hivyo, yule mama alitazama wapi?" Nyamizi anajibu, "Alitazama sufuria." "Na wewe ukafanya nini?" "Nikaendelea kusema." "Kwa nini uliendelea kusema?" Nilimwona huyu Mwalimu Koku mkatili. Baadaye nilibadili mawazo, na baadaye tena nikayarudia yale ya kwanza, na leo sijui. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila Ijumaa: usimwambie mzazi jambo ambalo si kweli, hata likikuokoa.

Siku moja walikosa mtu wa kuigiza. Mafunzo yao yalikuwa na michezo hiyo, mmoja anakuwa mzazi na mwingine afisa. Mwalimu Koku akaniita, "Bi Hawa, njoo utusaidie, uwe baba." Nikafuta mikono nikawa baba. Nikawa mama mlevi, nikawa bibi anayeficha mjukuu, nikawa mjomba. Nyamizi alisema nina kipaji. Nilifurahi kusifiwa na wasomi, sitaficha.

Baba wa kweli ambaye kesi yake ililetwa kwenye meza ile aliitwa Kibwana. Alikuwa fundi kiwandani, akapunguzwa, na alipotoka mara ya mwisho alitoka na kipande cha mkanda wa mashine, ngozi nene yenye chuma cha kuungia mwishoni. Wengine walibeba nyuzi, wengine vitambaa, yeye alibeba mkanda. Alikaa juu yetu, kule njia ya mlimani inapoanza kupanda, na mkewe Mwajabu na binti yao Zuhura wa darasa la tatu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye wa kusema. Mjomba alikwenda kusema. Kibwana akamvunja taya kwa mguu wa meza, na mjomba akarudi kwao Matombo akinywea uji kwa mrija. Mwajabu mwenyewe alikuwa na meno ya upande mmoja. Zuhura alikuwa na mkono ulioungana vibaya, na mgongoni mistari mipya ya mkanda ule ilikuwa juu ya mistari ya zamani. Muuguzi wa zahanati alimwambia Nyamizi mbele yangu, "Dada, mimi safari ijayo sitamfunga bandeji huyu. Nitamfunga sanda."

Wakaenda kwa utaratibu. Nyamizi, Mwalimu Koku na mtendaji wa mtaa walipanda na karatasi ya mahakama ya kumchukua mtoto. Kibwana aliisoma yote, kwa sababu alikuwa anajua kusoma vizuri, akaitafuna. Nyamizi alinisimulia: aliitafuna na kuimeza huku anawatazama. Kisha akaingia ndani akatoka na panga. Mtendaji alikimbia wa kwanza, viatu viliachwa. Mwalimu Koku alianguka mtoni akachubuka uso. Nyuma yao wakamsikia anasema, bila kupiga kelele, "Atakayekuja tena na karatasi, nitampa kichwa chake akibebe." Siku ile jioni tulimsikia Mwajabu akilia toka kule juu. Waliwaendea polisi, polisi wakasema gari halina mafuta.

Haukupita muda, mama yake Kibwana akafa. Wanawake wa Bigwa tulikwenda, na Nyamizi akajifunga kanga akasema anakwenda kama mtani. Sikumzuia. Msiba ulikuwa mkubwa, na watani waliokuwepo walikuwa wazee wawili waliochoka. Nyamizi akaufufua. Alijilaza njiani jeneza lisipite, akasema bibi yule alimkopa mzigo wa kubeba toka Tabora hajamlipa. Watu wakacheka. Kibwana, macho mekundu, akamwambia, "Mpagazi wewe, nilikufukuza mlango wa mbele umerudi wa nyuma." Nyamizi akajibu, "Miguu yako mifupi, ulinifukuza ukachoka njiani." Hata Kibwana alicheka, nilimwona, kicheko cha kweli. Baada ya kuzika, Nyamizi akamwendea Zuhura aliyekuwa ameketi na wanawake, akamshika mkono ule ulionyooka, akamsimamisha. Akatangaza, "Huyu mateka wangu. Mkimtaka, mje mkomboe." Watu wakapiga vigelegele. Nikamtazama Kibwana. Uso wake ulikwenda huku na huku, kama mtu anayetafuta mahali pa kukasirikia hapaoni. Mbele ya ukoo wote, mbele ya kaburi la mama yake, angefanya nini. Akasema, "Chukua, lakini anakula sana." Tukashuka naye mchana kweupe, kile ambacho karatasi ya mahakama ilishindwa.

Zuhura alilala chumbani kwangu. Siku za kwanza alikula amesimama. Nikidondosha mfuniko alikuwa ananyanyua mkono kufunika kichwa, kisha anaushusha polepole na kuangalia kama nimeona. Nilijifunza kuweka vitu chini taratibu, na mpaka leo naweka hivyo.

Kibwana alikuja kukomboa. Alikuja mara ya kwanza na jogoo. Nyamizi akasema jogoo huyu ni Mluguru, mfupi, rudi naye. Akaja na mkungu wa ndizi. Nyamizi akasema mpagazi haogopi mkungu, lete mzigo. Walikuwa wanacheka pale barazani, na niliwasikia toka ndani, na naapa mtu angepita angedhani ni ndugu wawili. Mara ya tatu Nyamizi akabadili sauti. "Mtani," akasema, "nakutajia fidia ya mwisho. Niletee ule mkanda." Kicheko cha Kibwana kiliisha taratibu, kama kijiko kilichozama kwenye uji. Akauliza, "Ule?" "Ule." Akaondoka bila kuaga.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu Koku aliposimuliwa, alivua miwani. Niliacha kukaanga ili nisikie. Akasema, "Umemtoa mtoto, sawa, ningekuwa na ujasiri ningefanya hivyohivyo. Lakini sasa umeahidi. Akileta huo mkanda, utampa mtoto?" Nyamizi akasema, "Siwezi. Mikanda ipo mingi." "Basi umemdanganya. Tena umemdanganya kwa lugha yake mwenyewe, ambayo ndani yake hana haki ya kukasirika. Hasira yake yote unaiweka akiba. Mwambie ukweli, ofisini, mgambo wawepo." Kisha akaniita niwe Kibwana, Nyamizi ajifunze namna ya kumwambia. Nikaketi. Nyamizi akanitazama machoni akasema, "Mtani, nilipomchukua Zuhura haukuwa utani. Ilikuwa kazi yangu." Sijui kilichonipata. Nilijua ni mchezo, mafuta yangu yalikuwa yanaungua jikoni, lakini nikauona ule msiba, watu wote wakinicheka huku nabebewa mwanangu. Nilishika mwiko nikaupiga mezani ukavunjika, na kipande nusura kimpate Nyamizi jichoni. Mwalimu Koku akasema kwa upole, "Umeona? Na huyu anauza vitumbua."

Mimi niliwaambia ningempa mtoto akileta mkanda. Fidia ni fidia. Nyamizi alinijibu, "Wewe unampa mtani. Mimi nitakuwa nimempa Kibwana." Nilifikiri yeye ana haki, na mimi nina haki, na bado nafikiri hivyo, jambo ambalo halimsaidii mtu yeyote.

Walipanga kumwita Kibwana ofisini Jumatatu. Yeye akaja Jumamosi. Alikuwa ameoga, amevaa shati jeupe la kiwandani lililopigwa pasi, hanuki pombe. Hakuwa na panga. Nasisitiza hili kwa sababu mahakamani kuna aliyesema alikuja na panga, na si kweli, nami nilisimama nikasema si kweli. Alikuja na mkanda tu, ameuzungusha vizuri kama mtu anayeleta zawadi, akauweka juu ya meza yangu ya ukumbini. Akasema, "Mtani, fidia hiyo. Nipe mtoto wangu." Zuhura alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba. Mimi nilikuwa natwanga uani.

Nyamizi angeweza kumwambia njoo Jumatatu. Angeweza kutania, nguvu zake zilikuwa huko. Nilimsikia akivuta pumzi. Akasema, "Kaa, Kibwana. Nilipomchukua Zuhura haukuwa utani. Ni kazi yangu, na simrudishi." Huko uani mchi wangu ukabaki hewani. Kibwana akauliza, sauti ndogo kabisa, "Msibani kwa mama?" Nyamizi akasema, "Ndiyo. Msibani kwa mama yako. Nisamehe kwa hilo."

Pigo la kwanza nililisikia kama bati linalong'oka. Nilipofika, chuma cha mkanda kilikwisha kumpasua Nyamizi paji la uso na nyama ilikuwa imefunguka, damu imemfunika macho, naye amenyoosha mikono miwili kuziba mlango wa chumba alipo mtoto. Hakuondoka mlangoni. Kibwana alikuwa anapiga na kwa kila pigo anasema neno moja, "Ulinichekea. Nikacheka. Na wewe." Mkanda ulikuwa unarudi na vipande vya gauni. Niliona mfupa wa kidole chake. Nikampiga Kibwana gotini kwa mchi kwa nguvu zangu zote. Ningefika kichwani ningempiga kichwani. Goti lilipasuka, nikalisikia, na mkono wangu ukapenda. Akaanguka kwa nyuma mpaka barazani, na mimi nikapiga yowe.

Vijana wa mtaani wakaja mbio. Mmoja akaita "mwizi," ingawa hapakuibwa kitu, na neno hilo likishatoka halirudi. Walikuwa vijana wanaokula vitumbua vyangu kila asubuhi, wengine nao kiwanda kiliwatema. Walimburuta mpaka barabarani. Wakampiga mateke, wakachukua matofali ya jirani yangu aliyekuwa anajenga. Tofali moja lilimpata jicho, na jicho lile halikurudi. Mtu mmoja alikwisha kwenda kutafuta mafuta ya taa. Nilisimama nikatazama. Sikusema waendelee, na sikusema waache.

Nyamizi ndiye aliyepita katikati yao. Haoni vizuri, damu inamdondoka kidevuni, akajitupa juu ya Kibwana kwa unene wake wote. Tofali moja likamwangukia begani. Akasema kwa sauti ile nzito, "Mtani wangu huyu. Ni wangu mimi kumpiga, si ninyi. Anayetaka, anikomboe kwanza." Mtu mmoja akacheka, sijui kwa hofu au kwa mazoea. Kicheko kile kiliwalegeza wengine. Matofali yakashuka. Akalala juu yake hivyohivyo mpaka mgambo wakaja, na nilipokaribia niliwasikia, Kibwana chini anasema, "Toka, mpagazi, unaniua kwa uzito," na Nyamizi analia. Ndani, Zuhura alikuwa bado kwenye mlango. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Ameondoka nao?" Nikamwambia mkanda wameuchukua mgambo. Ndipo akakaa chini, na chakula cha siku ile alikula ameketi.

Swali langu la miaka yote ni hili. Je, Kibwana aliyaonyesha siku ile yaliyokuwa ndani yake, au tulimtengenezea? Mtu aliyeoga, aliyepiga pasi shati, aliyeleta silaha yake mwenyewe mezani, angempiga tena binti yake akipewa? Nyamizi alisema angempiga. Mwalimu Koku alisema hatuwezi kujua, na kwa sababu hatuwezi kujua tunabaki na mtoto. Hilo nalikubali. Lakini Mwalimu Koku alimrudishia Nyamizi mafunzo yake ya vitendo, akamfanya arudie yote upya na familia nyingine, na katika kumpima aliandika kwamba alimwokoa mtoto na kumvunja baba, na kwamba yote mawili yahesabiwe. Nyamizi alisoma akakunja karatasi. "Yuko sahihi," akasema, "mguu mfupi wewe, lete chai." Kibwana alifungwa. Mwajabu alirudi kwenye ardhi ya ukoo wake Matombo, na kila mavuno alishuka kumwona binti yake, mpaka alipokufa. Mahakama ikaniachia Zuhura nimlee. Nyamizi akarudi Tabora na kovu lake, na baada yake wakaniletea watoto wengine waliohitaji mahali pa kulala, nami sikujua kukataa.

Niliandika mpaka hapa, mvua ikapungua. Zuhura alifika mchana, akaingia jikoni moja kwa moja, akaanza kumenya ndizi. Kama saa kumi nikasikia hodi. Alikuwa Kibwana. Nilikuwa sijamwona toka mwaka juzi. Mzee sasa, goti halikunjiki, jicho moja, kanzu imelowa. Alikuwa amesikia. Akasimama mvuani bila kupanda barazani, akasema kwa sauti ya kupita ukuta, kama desturi inavyotaka, "Nimeambiwa mpagazi ametua mzigo. Nimekuja kuona kama ameniachia chochote." Hapakuwa na mtani mwingine wa kumjibu, wala jeneza la kuzuia. Nikamjibu mimi, "Amekuachia kovu lake, karibu ukae." Akakaa.

Nikaenda jikoni. Zuhura alikuwa ameshika kisu, ganda la ndizi linaning'inia. "Amekuja kufanya nini?"

"Amekuja msibani."

Ule mkono ulioungana vibaya ulikuwa umetulia mezani, haukunyanyuka. "Mpe chakula," akasema. "Ale hukohuko nje. Mimi sitoki."

Basi jioni tulikula ndizi mbichi za nazi na dagaa. Kibwana alikula barazani, mgongo ameuelekeza kwetu. Zuhura alikula jikoni, mlango ameurudisha nusu. Mimi nilikaa ukumbini, sahani mapajani, mahali ambapo niliwasikia wote wawili wakitafuna.